Dirisha Fiche

Nyumba ilikuwa imejulikana.

Asubuhi mwendesha pikipiki alisimama getini, akamkabidhi askari wa zamu boksi la viatu, akageuza, akaondoka. Hakudai sahihi wala hakutaja jina. Ndani ya boksi kulikuwa na kandambili za bluu, moja imelika upande wa kisigino, mkanda wa nyingine umeshikizwa kwa waya wa shaba. Mama Zege alizitambua hata kabla hazijatolewa zote. Zilikuwa zake. Aliziacha nyuma ya mlango wa kwake siku polisi walipomchukua kuja kumficha hapa, na ule waya aliufunga kwa mkono wake.

"Hawakuandika kitu?" Inspekta aliuliza.

"Waandike nini tena, kaka? Wameniambia nivae, safari imewadia."

Mama Zege alikuwa mpimaji wa zege. Kazi yake maabarani ilikuwa kuchukua michemraba ya zege lililomwagwa kwenye jengo, kuiloweka kwenye tangi la maji mpaka ikomae, kisha kuiweka chini ya mashine na kuiponda ajue inabeba uzito gani. Michemraba ya jengo moja la wapangaji aliiponda akaandika kwamba zege halifai. Majibu yakabadilishwa njiani. Jengo likapandishwa, watu wakahamia, jengo likaanguka nao. Kesi ya mkandarasi ilikuwa inaanza wiki inayofuata, na mashahidi wenye maana walikuwa wawili tu: Mama Zege, na mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku pale tangu ujenzi na hata wapangaji walipokwisha kuhamia, aliyeona saruji ikipakiwa kwenye magari na kuondoka gizani. Mzee huyo alifichwa nyumba nyingine, upande wa pili wa mji. Bila hao wawili, mkandarasi angetoka mahakamani anapiga mluzi.

Inspekta alisogeza pazia kwa kidole kimoja. Ng'ambo ya barabara palikuwa na pikapu nyeupe, boneti juu. Wanaume wawili. Mmoja ameegemea mlango, mwingine amekaa kwenye ukingo wa mtaro anakunywa soda.

"Wameharibikiwa tangu lini?"

"Tangu pikipiki iondoke," askari alijibu. "Na hakuna aliyeinama kuangalia injini."

Askari huyo waliyemwita Komeo, kwa sababu hakuna mlango aliopita bila kuurudishia komeo, hata wa choo cha watu wengine, alikuwa ameoa mdogo wake Inspekta. Kazini alimwita afande. Nyumbani alimwita shemeji. Siku hiyo ilikuwa siku ya afande.

Inspekta alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ilikuwa imemlisha tangu akiwa konstebo: kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba ikijulikana, kuna aliyeisema. Akahesabu. Bosi wake makao makuu alijua tu kwamba kuna nyumba, wapi hakuambiwa. Waliojua mlango ni yeye mwenyewe, Komeo, na fundi wa kompyuta aliyekuja kuweka laptop. Nje ya hao, hakuna mtu. Na mmoja wao akiwa amenunuliwa, hapana shaka ana mwenzake pale makao makuu. Akiita gari la kumhamisha shahidi, huenda atakuwa amemwita muuaji kwa mdomo wake.

Kwa hiyo alipiga simu moja tu. Alimwambia fundi wa kompyuta kwamba laptop imegoma, aje mara moja. Kisha akazima simu yake, akamnyang'anya Mama Zege ya kwake, akaziweka zote kwenye sufuria jikoni, akafunika.

"Bunduki," akamwambia Komeo.

"Afande?"

"Weka bunduki mezani. Na simu."

Komeo aliangalia mkono ulionyooshwa, akaangalia uso. Akaweka bunduki. Simu akachelewa nayo kidogo.

"Unampigia nani kila jioni nyuma ya tangi la maji?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi," Mama Zege alisema kutoka mlangoni. "Nisamehe, baba. Dirisha la bafu linatazama huko, na mtu akifungiwa ndani hata mjusi anamfuatilia."

"Ni mambo yangu binafsi."

"Hapa hakuna binafsi," Inspekta alisema. "Hapa kuna kandambili."

Komeo alivuta kiti akakaa bila kuambiwa. "Sasa nikujibu kama afande au kama shemeji?"

"Jibu."

"Muulize mdogo wako. Ameondoka. Yuko kwa mama yenu. Kila jioni nasimama kwenye tope la tangi nambembeleza arudi, na kila jioni ananiambia nimpe muda."

Inspekta aliichukua simu mezani. "Mama hakuniambia."

"Alikataza usiambiwe. Alisema utakuja na pingu."

Mama Zege alicheka, akajiziba mdomo. Inspekta hakucheka. Aliigeuza simu ya Komeo, akaona namba ya mdogo wake imejaa kuanzia juu mpaka chini, jioni kwa jioni. Hilo lilithibitisha simu, halikumsafisha mtu. Aliyeachwa na mke ana shida, na mwenye shida hununulika.

"Nani amefika getini tangu uwe hapa?"

"Ukimtoa fundi wa kompyuta, hajafika mtu. Pikipiki ya leo tu."

"Na mtaani? Nani kasimama, nani kachungulia?"

"Juzi kuna fundi wa laini za intaneti alipanda nguzo hapo nje. Nikamuuliza kulikoni, akasema anakagua. Alikaa juu, akatazama uani, akashuka. Ajabu yake hakugusa waya hata mmoja."

"Mafundi wa nguzo wako kila mtaa."

"Mimi umeniuliza nani kachungulia."

"Nyanyuka. Utakaa stoo mpaka nijue."

"Stoo haina dirisha, afande."

"Ndiyo maana."

Komeo aliingia stoo mwenyewe, kati ya magunia ya mkaa na godoro bovu. Inspekta aliporudishia komeo, sauti ilitoka ndani: "Hakikisha limeingia mpaka mwisho. Hilo huwa linajifanya limefunga."

Fundi wa kompyuta alifika jua likiwa limekaza. Alikuwa msichana mwenye miwani minene, begi mgongoni, peremende shavuni. Aliipita pikapu, akaingia, akatua begi mezani.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Nyuma yake komeo la geti lilidondoka, kisha la mlango. Akageuka.

"Mzee, umenifungia?"

"Kaa, binti."

"Laptop haijaharibika."

"Haijaharibika. Kilichoharibika ni nyumba." Akamwonyesha kandambili, akamweleza zilivyofika. "Tunaoijua nyumba hii ni watu watatu. Mmoja yuko stoo. Mmoja ni mimi."

Msichana aliihamisha peremende shavu la pili. "Yaani mimi ndiye wa tatu."

"Umemwambia nani?"

"Mzee, sikiliza. Mimi ninajua nyumba hii. Ninajua nyumba ya yule mzee mlinzi, kwa sababu na kule niliweka laptop pacha ya hii. Ninajua mpaka neno la siri la barua pepe ya bosi wako, ambalo ni jina la mbwa wake. Ningekuwa nauza, ningeanzia kwenye hiyo barua pepe, nisingekuja na kandambili."

"Aliyekamatwa hakosi maneno."

"Na aliyefungia hakosi funguo. Simu yangu unaichukua kwa sheria gani?"

Aliichukua hata hivyo. Ikaenda kwenye sufuria na wenzake.

"Hiyo laptop," Inspekta alisema. "Nani aliitaka?"

"Mimi," Mama Zege alisema. "Niliwaambia hamuwezi kunifungia kama mchemraba kwenye tangi. Nipeni hata kadirisha."

"Inaweza kutusema?"

"Haiwezi," msichana alijibu kwa haraka, akaivuta kwake. "Nikueleze?"

"Nieleze kama mtu aliyeacha shule mapema."

"Kila laini ya intaneti ina namba yake. Ndiyo anwani ya IP. Ukifungua ukurasa wowote, mwenye ukurasa anaiona namba hiyo, kama unavyoona muhuri wa posta kwenye bahasha. VPN, programu niliyoweka humu, kazi yake ni kuipeleka bahasha nchi nyingine kwanza, igongwe muhuri wa huko. Mwenye ukurasa anadhani Mama Zege yuko ughaibuni anakula baridi."

"Basi tuko salama."

"Bado. Kivinjari, hiki unachofungulia kurasa, kina mlango wa uani. Uliwekwa kwa ajili ya simu za video, ili watu wawili waonane bila mzunguko mrefu. Ukurasa mjanja ukigonga mlango huo, kivinjari kinataja namba ya kweli, na VPN imewashwa vilevile. Hakikuombi ruhusa, hakuna taa inayowaka. Kinasema tu, kama mtoto aliyeulizwa baba yuko wapi." Alifungua kivinjari, akagusa alama ya ngao ndogo juu kulia. "Ndiyo maana nikaweka hiki. Kinaitwa kiendelezi. Kimepigilia misumari mlango wa uani."

"Nionyeshe."

Aliwasha VPN, akafungua ukurasa wa kupimia uvujaji. Mistari ikajipanga kwenye kioo, na kila mstari ulitaja mji wa mbali ambao hakuna aliyekuwa humo chumbani aliyewahi kuukanyaga.

"Hakuna tone," msichana alisema. "Nilipima siku naiweka, nimepima leo. Nifungulie geti."

"Hakuna anayetoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine imejitetea, wewe bado."

Mapazia yote yalikuwa yamefungwa na bati la nyumba lilikuwa linatema moto. Nje mtu wa soda alikuwa amemaliza soda, amehamia kivulini mwa pikapu, uso umeelekea geti. Hakujificha. Mwenzake alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi. Hawakuvuka barabara, hawakusogeza gari, hawakufanya lolote ambalo mtu angeweza kuwakamata nalo. Kuvunjikiwa gari si kosa.

Huko stoo Komeo alikohoa vumbi la mkaa. Fundi wa kompyuta alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miwani mkononi. Mama Zege alizunguka meza, akazunguka tena.

"Kaka," akasema hatimaye, "sisi watu wa zege tuna msemo. Zege halilali. Likishachanganywa limwagwe, likiachwa usiku mmoja linakuwa jiwe ndani ya karai. Mimi mmenichanganya mkaniacha kwenye karai."

"Kesi ni wiki ijayo."

"Wiki ijayo ipi? Hao wako nje leo. Nifungulie nivuke barabara, nikawaambie sikuona kitu, sikuponda kitu, nilikosea kusoma mashine. Kandambili wameniletea, nguo ya kufia ninayo."

"Na waliokufa?"

"Usinitajie waliokufa!" Sauti ilipanda mpaka msichana akainua kichwa. "Wewe unawajua kwa idadi. Mimi nilijua kabla yao. Mchemraba mzuri ukipondwa unalia, unapasuka kama risasi. Ile ya jengo lile ilibonyea kimya, kama mkate. Nikaandika, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala."

Inspekta alimwacha apumue. Katika kuhoji alikuwa amejifunza kutofuata machozi, bali kilicho pembeni ya machozi.

"Jioni ukishika laptop unafanya nini?"

"Nasoma soma."

"Usinieleze. Fanya."

"Nifanye nini?"

"Kaa hapo, fanya kila kitu kama unavyofanya jioni. Mtu akieleza, anaeleza anachodhani hufanya. Mikono ndiyo haijui kudanganya."

Mama Zege alifuta mikono kwenye kanga, akakaa. Aliwasha laptop, akawasha VPN, akasubiri kitufe kigeuke kijani. Msichana alitikisa kichwa kukubali. Mama Zege akafungua kivinjari. Ngao ndogo ilikuwa pale juu kulia. Kisha, bila kusita, akabonyeza vile vidoti vitatu pembeni, akachagua mstari, na dirisha la pili likafunguka juu ya la kwanza, jeusi, lina picha ya kofia na miwani.

Inspekta aliinama.

"Ile ngao iko wapi?"

Msichana alisimama ghafla, miwani ikaanguka. "Mama, umefungua nini hapo?"

"Dirisha fiche."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sijawahi kusahau hata mara moja."

"Mungu wangu! Viendelezi haviingii kwenye dirisha fiche. Kivinjari kinavizuia mlangoni mpaka uviruhusu kimoja kimoja, na mimi sikukiruhusu, kwa sababu hakuna aliyeniambia mtatumia dirisha fiche! Nani kakufundisha?"

Mama Zege aliondoa mikono kwenye vitufe. Alimwangalia Inspekta.

Chumba kizima kikamwangalia Inspekta.

"Alisema dirisha fiche halikumbuki ulikopita," Mama Zege alisema kwa upole, kama anayemtetea. "Hata mtu akiiba laptop hataona kitu. Aliniambia ni amri ya nyumba. Ilikuwa siku ile ile, binti, ulipokwisha kuondoka."

"Ni kweli halikumbuki," msichana alisema. "Laptop haikumbuki. Lakini uliyemtembelea anakukumbuka vizuri sana."

Aliokota miwani, akaivaa, akavuta laptop, akafungua ule ukurasa wa kupimia, safari hii ndani ya lile dirisha jeusi. Mistari ikajipanga. Mji wa mbali, mji wa mbali, mji wa mbali. Mstari wa mwisho ukataja namba nyingine. Msichana hakuhitaji kuitafuta mbali. Aliinua kisanduku cha intaneti kilichokuwa dirishani, akakigeuza, akafungua mipangilio yake, akasoma. Ilikuwa namba ile ile.

Aliyechimba kisima ndiye aliyekuwa ndani yake. Inspekta alivuta kiti. Hakukikalia.

"Ukurasa gani?" akauliza. "Humo ndani unafungua ukurasa gani?"

Mama Zege aliivuta laptop kwake. Kisha akaandika herufi chache, akageuza kioo kiwaelekee. Ulikuwa ukurasa wa rambirambi. Picha za watu waliokufa kwenye jengo zilikuwa zimepangwa, chini ya kila picha mshumaa mdogo ambao mgeni angeweza kuuwasha kwa kuubonyeza.

"Huyu," aligusa picha moja. "Tulikuwa tukiponda michemraba pamoja. Alikuwa amepanga ghorofa ya tatu. Nilimwambia hama. Akasema dada, nitahama mwisho wa mwezi. Basi kila jioni namwashia mshumaa. Nikimaliza naye nawawashia wengine, wasione wivu."

"Nani alikupa ukurasa huu?"

"Hakuna. Nilitafuta jina lake, ukaja wa kwanza."

Fundi wa kompyuta alikuwa amekwisha kufungua matumbo ya ukurasa, anasoma mistari midogo inayopanda upande wa kioo. Kidole kikasimama.

"Mzee, ukurasa wa msiba unataka simu ya video ya nini?"

"Wanagonga mlango wa uani."

"Wanagonga kila anayeingia. Waombolezaji wote. Wanasubiri anayekuja na muhuri wa ughaibuni kila siku jioni, halafu wanamuuliza mara ya pili yuko wapi." Akavua miwani tena. "Huu msiba umewekwa na muuaji."

Mama Zege alifunga kioo kwa viganja vyote viwili.

Inspekta alikuwa hajamaliza. "Namba inataja nyumba?"

"Haitaji. Inataja mji na kampuni ya intaneti. Nyumba inajulikana na kampuni peke yake, kwa sababu ndiyo iliyovuta waya. Mpaka apatikane mtu wa ndani ya kampuni, aangalie namba, aseme laini hii iko mtaa fulani, nguzo fulani."

Inspekta alikwenda stoo, akavuta komeo. Komeo alikuwa amekaa juu ya gunia, uso umepigwa masizi.

"Yule fundi wa nguzo."

"Yupi?"

"Wa juzi."

"Kumbe ulinisikia."

"Alitazama nini?"

"Nilikwambia, uani. Mama Zege alikuwa anaanika nguo. Alimtazama mpaka akamaliza kuanika, ndipo akashuka." Komeo alitazama nyuma ya Inspekta, akaona sura ya msichana. "Kulikoni? Nani aliyetuuza?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna aliyetuuza. Toka."

Sasa mahesabu yalikaa. Laini ilikuwa imetajwa na mashine, nguzo imetajwa na mtu wa kampuni, mwanamke anayeanika nguo ametambuliwa kutoka juu ya nguzo. Polisi hakuna aliyehusika. Makao makuu palikuwa safi, au angalau hapakuwa pachafu kwa jambo hili. Angeweza kuita magari. Angeweza kuyaita tangu asubuhi.

Alifunua sufuria, akawasha simu yake, akamwita bosi, akataja mtaa kwa mara ya kwanza. Bosi hakuuliza swali. Magari yanakuja, akasema.

"Mzee," fundi wa kompyuta aliita.

"Sasa hivi."

"Mzee, yule mlinzi wa jengo. Laptop yake ni pacha ya hii. Nilimwekea kiendelezi vilevile." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na yeye ulimpa amri ya dirisha fiche?"

Inspekta alianza kutafuta namba kwenye simu.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Na yeye anaufungua ukurasa huu?"

Mama Zege ndiye aliyejibu. "Alikuwa akiwafungulia mlango kila usiku, mmoja mmoja, kwa majina yao. Ataacha kuufungua vipi?"

Inspekta alipiga namba ya askari wa nyumba ya pili. Ikaita. Komeo alikuwa amechukua bunduki yake mezani, amesimama kwenye pazia, na hapo hapo akasema, "Wamefunga boneti."

Simu iliendelea kuita.

"Wanaondoka," Komeo alisema. "Gari imewaka kwa mara moja tu. Haikuwa na ubaya wowote. Wanatupungia mkono."

"Kwa nini waondoke sasa?" msichana aliuliza.

Hakuna aliyemwambia, maana alikwisha kujua. Wale wawili hawakuja kuingia. Walikuja kuhakikisha kwamba Inspekta anakaa ndani, amefunga milango, anawahoji watu wake, wakati wenzao wako kazini upande wa pili wa mji. Na yeye alikaa.

Simu ilipokelewa. Upande wa pili kulikuwa na pumzi ya mtu na redio inayocheza. Inspekta alitaja jina lake la kazi. Pumzi ikasikiliza, kisha simu ikakatwa.

Magari yalifika kwanza kwa Mama Zege, kwa sababu ndiko yalikoitwa.

Hasara ya siku hiyo ilikuwa hivi. Mzee mlinzi wa jengo alikutwa sebuleni, amekufa, laptop imechukuliwa. Daktari alisema alikufa mchana, si asubuhi. Askari aliyemlinda alipona, mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Nyumba zote mbili ziliachwa, hazikutumika tena. Komeo alirudisha sare, hakudai kuombwa radhi na hakuombwa. Mdogo wake Inspekta alirudi kwa mumewe, na wawili hao hawakumfungulia Inspekta mlango. Fundi wa kompyuta aliomba kuhamishiwa idara ya mishahara. Mtu wa kampuni ya intaneti hakupatikana, na aliyepanda nguzo hakuwa na sura ambayo yeyote angeweza kuiapia.

Mama Zege alikwenda mahakamani. Alieleza michemraba, alieleza mashine, alieleza alichoandika na kilichosomwa baadaye mahali pake. Wakili wa mkandarasi alimuuliza kama aliona saruji ikitolewa usiku. Akasema hakuona. Wakili akauliza nani aliona. Shtaka la kughushi majibu likasimama. Shtaka la vifo likaondolewa.

Waliokufa ndani ya jengo walikuwa kumi na tisa. Pamoja na mlinzi wao, ishirini.